Nyasaland na Hoja ya Kujitoa Katika Shirikisho

Katika mambo yote yaliyobishaniwa Afrika ya Kati tangu mwaka 1953 hata mwaka 1963, hakuna lililorudiwa mara nyingi kuliko swali hili: je, nchi maskini yaweza kujitoa katika muungano unaoilisha? Swali hilo liliulizwa Salisbury, likaulizwa London, na hata Waafrika wachache waliokuwa na mishahara ya kuchunga waliliuliza kwa sauti ya chini. Nchi iliyokuwa ikiulizwa ni Nyasaland, ambayo tangu tarehe 6 Julai 1964 yaitwa Malawi. Kwa kuwa maneno ya kuungana na kuachana yangali yakizungumzwa katika nchi nyingi, yafaa msomaji ajue jinsi hoja hiyo ilivyokwenda, maana si wengi wanaokumbuka ya kuwa nchi hiyo ndogo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuruhusiwa kutoka katika Shirikisho lile.

Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland liliundwa mwaka 1953. Nchi zilikuwa tatu. Rhodesia ya Kusini, ambayo sasa ni Zimbabwe, ilikuwa na walowezi wa Kizungu wenye serikali yao tangu mwaka 1923. Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia, ilikuwa na migodi ya shaba. Nyasaland ilikuwa na watu wengi, chai, tumbaku, na ziwa. Hizi mbili za mwisho zilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, na wenyeji wake walijihesabu kuwa wamewekwa mikononi mwa Malkia, si mikononi mwa walowezi. Mafiga yalikuwa matatu, lakini chungu kilikaa Salisbury, na mwenye kukoroga alikuwa ni yule yule.

Waziri Mkuu wa kwanza alikuwa Bwana Godfrey Huggins, daktari wa tiba, ambaye alinukuliwa akiufananisha ubia wa Mzungu na Mwafrika na ule wa mpandaji na farasi wake. Labda alidhani amesema neno la hekima. Waafrika walilishika neno hilo wakalirudia katika mikutano kwa muda wa miaka kumi. Aliyemfuata mwaka 1956 alikuwa Bwana Roy Welensky, mtu aliyeanzia kazi katika reli akiendesha garimoshi, na ambaye katika ujana wake alikuwa bondia. Huyu hakuwa mtu wa kuonewa wepesi. Alilipenda Shirikisho kwa moyo wote na aliamini kweli kuwa linawafaa watu wote waliomo.

Hoja yake ilikuwa ya fedha. Nyasaland, alisema, haina mgodi wala kiwanda cha maana. Kodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini yaingia katika hazina ya Shirikisho, na sehemu yake yaenda kuisaidia Nyasaland kwa mamilioni ya pauni ambayo nchi ile peke yake haiwezi kuyapata. Hospitali ni kazi ya Shirikisho, reli na posta kadhalika. Huko Salisbury kimejengwa Chuo Kikuu, na tangu mwaka 1957 wanafunzi wa rangi zote husoma humo pamoja. Mkiondoka, mtakula nini?

Wenye kusema hivyo hawakuwa wakisema uongo. Zilikuwa hesabu za makarani waliojua kazi yao, na kwa miaka mingi kabla ya Shirikisho hazina ya London ndiyo iliyokuwa ikijazia upungufu wa Nyasaland. London ilifurahi kupunguziwa mzigo. Ni makosa kudhani ya kuwa Wanyasa waliopinga hawakuzisikia hesabu hizo. Walizisikia sana. Walakini waliona ya kuwa daftari lile lina kurasa ambazo hazikuandikwa.

Kwanza, nguvu za wanaume. Zaidi ya Wanyasa 100,000 walikuwa wakifanya kazi nje ya nchi yao, katika migodi na mashamba ya Rhodesia na Afrika ya Kusini. Wake zao walilima peke yao, na watoto walikua bila baba. Jasho hilo lilihesabiwa kuwa ni faida ya nchi alikofanyia kazi mtu, na msaada uliorudi Nyasaland uliitwa sadaka. Pili, mambo ya ujenzi. Mwaka 1955 Serikali ya Shirikisho iliamua bwawa kubwa la umeme lijengwe Kariba katika mto Zambezi, wala si katika mto Kafue kama watu wa Rhodesia ya Kaskazini walivyotazamia, na nyumba ya mitambo ikawekwa ukingo wa kusini. Watonga wapatao 57,000 wakahamishwa katika bonde lao. Maji ya mto Shire, ambayo wenyeji wa Nyasaland walitumaini yangefungwa yawape umeme na mashamba ya kumwagilia, yaliendelea kuteremka yakienda zake.

Lakini msomaji aliye mkulima atafahamu zaidi akielezwa habari za matuta.

Katika Nyasaland idara ya kilimo iliwaamuru watu kulima kwa matuta yanayofuata mkingamo wa mlima na kujenga kingo za kuzuia maji yasichukue udongo. Amri hizo zote watu waliziita kwa neno moja, malimidwe. Asiyezitii alitozwa faini, na asiyeweza kulipa alifungwa. Ni kweli kabisa ya kuwa udongo ulikuwa ukiliwa na maji, na kwamba mabwana shamba walijua wanalolisema. Ni kweli vile vile ya kuwa kazi ile ilikuwa ngumu, ilimwangukia mwanamke ambaye mumewe yuko mgodini, na aliyekuja kupima matuta alikuja na askari. Wakulima wa Murang'a walioacha kuchimba makinga-maji mwaka 1947 wangewaelewa bila mkalimani.

Basi, jambo la ajabu ni hili: kilimo cha Waafrika hakikuwa kazi ya Shirikisho hata kidogo. Kwa sheria kilibaki katika mikono ya Serikali ya Nyasaland yenyewe, na amri nyingine zilitangulia Shirikisho kwa miaka. Maofisa walichoka kulieleza jambo hilo. Mkulima hakulikubali, na hakuwa mpumbavu kwa kutolikubali. Yeye aliona Mzungu aliyekuja kumwamuru juu ya shamba lake, na huku amesikia habari za Rhodesia ya Kusini, ambako sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imeigawa nchi katika ardhi ya Wazungu na ardhi ya Waafrika. Katika nyanda za juu za Shire alijua pia thangata, desturi ya mtu kufanya kazi katika shamba la mlowezi kwa sababu tu nyumba yake imo katika ardhi ya mlowezi huyo. Kwa mtu kama huyo Shirikisho lilikuwa na maana moja: ardhi itakwenda. Katika Agosti 1953, mwezi ule ule Shirikisho lilipokuwa likianza, fujo zilitokea katika wilaya ya Cholo, penye mashamba ya chai, na Waafrika 11 wakauawa.

Wakubwa wa Shirikisho walijibu ya kuwa katiba inawalinda Waafrika. Hapa ndipo hoja yao ilipoingia ufa mkubwa kuliko wote. Katika Bunge la kwanza la wajumbe 35, Waafrika walikuwa 6, wawili kwa kila nchi. Ndani ya Bunge hilo iliwekwa Halmashauri ya Mambo ya Waafrika, ambayo kazi yake ilikuwa kuzuia sheria yo yote yenye kuwabagua Waafrika na kuipeleka London iamuliwe huko. Mwaka 1957 Serikali ya Bwana Welensky ilileta sheria ya kuongeza wajumbe mpaka 59, na baada yake sheria ya uchaguzi. Halmashauri ilizipinga zote mbili ikasema zinawapunja Waafrika. Zikapelekwa London. London ikazipitisha zote mbili. Tangu siku hiyo mtu aliyesema mlinzi yupo mlangoni aliulizwa: mlinzi gani huyo, ambaye akipiga kelele mwenye nyumba humwambia anyamaze?

Nyasaland ilikuwa na wajumbe wawili Waafrika katika Bunge lile, Bwana Wellington Chirwa na Bwana Clement Kumbikano. Hawa wanastahili kukumbukwa kuliko wanavyokumbukwa. Vijana wa chama cha Congress waliwataka wajiuzulu, kwa sababu kukaa Salisbury ni kulikubali Shirikisho. Wao walikataa, wakisema ni heri kulipiga mtu akiwa ndani. Mwaka 1957 wakafukuzwa katika chama. Kwa hiyo walikuwa wageni kotekote: Salisbury waliitwa wachochezi, na nyumbani waliitwa wasaliti.

Tarehe 6 Julai 1958 Dakta Hastings Banda alirudi Nyasaland baada ya kuwa mbali kwa miaka zaidi ya arobaini. Alikuwa amefanya kazi Afrika ya Kusini, akasomea udaktari Marekani na Edinburgh, akatibu watu London, kisha Gold Coast. Tangu mwaka 1949 alikuwa amekwisha andika, pamoja na Bwana Harry Nkumbula wa Rhodesia ya Kaskazini, kulipinga Shirikisho lililokuwa bado ni mawazo. Alihutubia kwa Kiingereza akafasiriwa, kwa maana lugha ya kwao ilikuwa imemponyoka. Waliomwita arudi walikuwa vijana: Henry Chipembere, Dunduzu Chisiza, na Kanyama Chiume, ambaye alilelewa na kusomeshwa Tanganyika, na Kiswahili alikijua kama mwenyeji. Walihitaji mzee mwenye mvi wa kuwasemea, wakampata. Kama walijua ni mzee wa namna gani, hilo ni jambo jingine.

Tarehe 3 Machi 1959 Gavana Robert Armitage alitangaza hali ya hatari. Askari waliletwa kutoka Rhodesia. Dakta Banda alikamatwa alfajiri, akasafirishwa hali amevaa nguo za kulalia hata gereza la Gwelo. Chama kilipigwa marufuku, watu zaidi ya 1,000 wakawekwa kizuizini, na Waafrika 51 wakafa, 20 kati yao huko Nkhata Bay. Msomaji wa Kenya ataitambua tarehe hiyo, kwa kuwa ndiyo siku mahabusi 11 walipopigwa hata kufa katika kambi ya Hola. Mambo hayo mawili yalifika pamoja mbele ya Bunge la Uingereza mwishoni mwa Julai mwaka huo, usiku mmoja baada ya mwingine, na huko London wako watu wa chama kile kile cha Serikali waliotoka Bungeni wakijiuliza kama utawala wa namna hii waweza kuendelea.

Jaji Devlin alitumwa kuchunguza habari za Nyasaland. Alikuta ya kuwa chuki juu ya Shirikisho imo karibu katika kila Mwafrika wa nchi ile, wala haikupandwa na wachochezi wachache, na kwamba nchi, angalau kwa wakati ule, inatawaliwa kwa nguvu za polisi. Serikali ya Uingereza haikuikubali taarifa yake yote. Walakini karatasi ikisha kusomwa haisomeki kinyume, na katika mwaka uliofuata mambo yalikwenda mbio. Dakta Banda alifunguliwa tarehe 1 Aprili 1960. Tume ya Lord Monckton, iliyokuwa imeletwa kutafuta namna ya kulitengeneza Shirikisho, ilitoa taarifa yake mwezi wa Oktoba ikasema haliwezi kudumu kama lilivyo ila kwa mabavu, na kwamba Uingereza itangaze kuwa tayari kuisikiliza nchi inayotaka kujitoa. Chama cha Dakta Banda kilikuwa kimeisusia Tume hiyo. Aliyekaa ndani yake ni yule yule Bwana Chirwa, na yeye pamoja na Bwana Habanyama wa Rhodesia ya Kaskazini waliandika maoni yao mbali, wakisema Shirikisho livunjwe.

Bwana Welensky aliona amedanganywa, na katika hili hakukosa haki yote. Alikuwa ameahidiwa, alisema, ya kuwa Tume haitagusa habari ya kujitoa. Tena mwaka 1957 Uingereza ilikuwa imekubaliana naye kwamba haitaliwekea Shirikisho sheria bila ya Shirikisho lenyewe kuomba. Mapatano ni mapatano. Mshirika mmoja aweza vipi kuondoka bila ridhaa ya wenzake? Hiyo ndiyo hoja yake iliyokuwa na nguvu zaidi, yenye nguvu kuliko ile ya fedha, na watu wengi waaminifu waliishika.

Jibu la Wanyasa lilikuwa fupi. Wao hawakutia sahihi. Mwaka 1953 machifu walituma wajumbe London kusema hawataki, na wajumbe hao hawakupata kumwona Malkia. Chifu Gomani wa Ncheu, mzee aliyekuwa mgonjwa, aliwaambia watu wake wasilitii Shirikisho, akaondolewa katika kiti chake. Mapatano yalifanywa kati ya Serikali ya London na za huko Afrika, na katika katiba yenyewe yaliandikwa maneno ya kwamba nchi mbili za kaskazini zitabaki chini ya ulinzi wa Malkia kwa muda ambao watu wake watapenda. Sasa watu hao wakaonyesha wanachopenda. Katika uchaguzi wa Agosti 1961 chama cha Dakta Banda kilichukua viti vyote 20 vya wapiga kura wa daraja la chini.

Kati ya vijana wale, Bwana Chisiza ndiye aliyeijali hoja ya fedha kwa dhati. Hakuridhika kusema ya kuwa uhuru utajaza matumbo. Alipokuwa Katibu wa Bunge katika Wizara ya Fedha aliwaita wataalamu Blantyre mwezi wa Julai 1962, wakae pamoja na kuzungumza jinsi nchi maskini itakavyojiendesha. Mwezi wa Septemba alikufa katika ajali ya motokaa. Miezi mitatu baadaye, tarehe 19 Desemba 1962, Bwana R. A. Butler, Waziri aliyekabidhiwa mambo ya Afrika ya Kati, alilitangazia Bunge la Uingereza ya kuwa Nyasaland inaruhusiwa kujitoa. Nyasaland ikitoka, Rhodesia ya Kaskazini isingebaki. Mwishoni mwa Juni 1963 wakubwa walikutana Victoria Falls kugawanya madeni, majeshi na watumishi. Ndege za vita na sehemu kubwa ya askari zilikwenda Rhodesia ya Kusini, jambo ambalo nchi nyingi za Kiafrika zililipinga, na lililoonekana baya zaidi pale walowezi wake walipojitangazia uhuru wao wenyewe mwaka 1965. Tarehe 31 Desemba 1963 Shirikisho likafikia mwisho.

Katika mwezi huo huo wa Juni 1963, tarehe 5, Bwana Kenyatta, Bwana Nyerere na Bwana Obote walikuwa wametangaza mjini Nairobi nia ya kuziunganisha nchi zao ziwe shirikisho moja kabla ya mwaka kwisha. Halikuundwa. Jumuiya iliyokuja badala yake mwaka 1967 ilivunjika mwaka 1977, na ugomvi wa kugawanya mabehewa, ndege na madeni haukumalizwa mpaka mkataba wa Arusha wa mwaka 1984. Hapo hapakuwa na mpandaji wala farasi, na bado hesabu za nani anafaidi na nani anapunjika zilifanana mno na zile za Salisbury.

Na hoja ya fedha, je? Waliotabiri shida walitabiri vema. Baada ya kujitoa, Malawi haikuweza kujilipia matumizi yake ya kawaida, na Uingereza ilijazia upungufu huo hata mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wanaume waliendelea kwenda migodini, na kwa wingi. Mwaka 1967 Dakta Banda alifanya urafiki wa kibalozi na Serikali ya Makaburu ya Afrika ya Kusini, ambayo baadaye ilimkopesha fedha za kujengea mji mkuu mpya Lilongwe. Miezi michache tu baada ya uhuru aligombana na mawaziri wake, na Bwana Chipembere na Bwana Chiume, wale waliomwita nyumbani, wakakimbilia nchi za nje. Bwana Chiume alirudi Tanganyika alikosomea. Hata hivyo ni vigumu kumpata mzee wa Malawi atakayesema ingekuwa heri kubaki, pamoja na yote waliyoyaona chini ya Dakta Banda kwa miaka thelathini.

Malimidwe zilifutwa. Dakta Banda mwenyewe, alipokuwa Waziri wa Mali ya Asili tangu mwaka 1961, ndiye aliyeziondoa, na sheria ya mwaka 1962 iliondoa thangata. Kisha yeye huyo huyo, akiwa Rais, akaanza kuzunguka nchi nzima kila mwaka akikagua mashamba, akiwaambia wakulima wachimbe matuta.